Kutafuta kazi kwa mpangilio: kutuma kila mahali, kuchagua waajiri wachache, au kwenda kwa wakala?

Mtu_wa_Stoo:
Wakuu, habari za muda huu. Safari hii nataka kutafuta kazi kwa mpangilio, nimechoka kubahatisha. Njia ninazozipima ni tatu. Kwanza, kila tangazo linalonihusu natuma maombi. Pili, naandika waajiri kama 20 ninaowataka kweli na kuwafuatilia mmoja mmoja, wawe wametangaza au hawajatangaza. Tatu, namwachia wakala wa ajira. Ipi inalipa? Naomba majibu ya kueleweka, muda sina.

Kifimbo:
Majibu ya kueleweka kwa swali lisiloeleweka? Kazi ya fani gani? Uzoefu? Una kibarua sasa hivi au upo nyumbani? Mshahara ukikatika leo utasukuma miezi mingapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Bint_Hesabu:
Mimi nasema ya pili, hata kabla hajajibu. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alitoa matokeo ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki ni 16.7% tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8% mara moja kwa mwaka au pungufu. Rafiki unayeshinda naye anajua mnayoyajua wote. Taarifa mpya inatoka kwa yule mliyefanya naye kazi zamani mkapoteana. Kwa hiyo orodha ya waajiri 20 iende na orodha ya watu.

Ngumu_Kumeza:
Hao ni wanaume wa kazi za ofisini, wa mji mmoja Marekani, enzi za barua na simu ya mezani. Usitulishe kama Msahafu. Mimi natuma kila mahali, na ndivyo nilivyopata kazi niliyonayo.

Bint_Hesabu:
Mkuu, mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, wenye watumiaji zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano. Waliosaidia zaidi watu kuhama kazi ni wale wa katikati: si wa karibu sana, si wa mbali kabisa. Na hao hawakuwa na simu ya mezani.

Mtu_wa_Stoo:
Samahani, nilikuwa kazini. Ndiyo, bado nina kazi, mkataba unakaribia kuisha na hakuna anayezungumzia kuurefusha. Nipo stoo na manunuzi. Sitaki kurudi kwenye zamu za usiku.

Kifimbo:
Angalau. Hilo la zamu za usiku ndilo ulilotakiwa kuanza nalo, maana linafuta nusu ya matangazo kabla hujagusa CV. Chora jedwali. Juu weka masharti ya lazima: kazi ikikosa moja, unaitoa hata kama inalipa vizuri. Chini weka unayoyapenda tu, kila moja na uzito wa 1 mpaka 5: mshahara, umbali, bosi utakayeripoti kwake, nafasi ya kujifunza. Uzito uupange LEO, kabla ya ofa yoyote. Ukisubiri ofa ije utapindisha namba mpaka zikubaliane na ile uliyokwisha kuipenda.

Jedwali la pili ni la ufuatiliaji: tarehe, nafasi, CV ipi ulituma, nani alijibu, hatua gani uliishia. Faida yake ni hii: ukituma nyingi na huitwi, tatizo liko kwenye CV au unaomba zisizokufaa. Ukiitwa na kuishia kwenye usaili, CV iache, kajiandae kwa maswali. Wengi wanabadilisha CV kila wiki wakati wanaangukia kwenye usaili.

Ngumu_Kumeza:
Jedwali mbili za kutafuta kazi moja. Ukimaliza kuzipaka rangi nafasi imeshachukuliwa.

Mama_Mipango:
Mimi naongezea sharti la lazima ambalo hakuna aliyelitaja: jinsi mwajiri anavyokupima. Niliomba nafasi ya kupanga usambazaji. Usaili wa kwanza ulienda vizuri, wakanipa "jaribio dogo": niwapangie njia za magari kwa ghala zao, kwa takwimu zao halisi, wiki nzima ya kazi. Nikakesha. Nikatuma faili la Excel, kila ghala na karatasi yake. Kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa nafasi imesitishwa. Baadaye tuliyefanya kazi pamoja zamani akaingia pale, akanipigia picha mpango uliobandikwa ukutani ofisini. Kichwa cha safu ya tatu kilikuwa "Kiwago cha mzigo". Herufi N niliiruka mimi, usiku, na hata kuirekebisha hawakujisumbua! Jina langu ndilo walilolifuta.

Kifimbo:
Duh. Pole sana dada.

Ngumu_Kumeza:
Pole. Ila jaribio lenyewe siyo baya. Kumpima mtu kwa kazi halisi kunaonyesha zaidi kuliko maswali ya "ujieleze".

Mama_Mipango:
La saa moja au mbili, kwa takwimu za kubuni, sawa. Wiki nzima kwa takwimu zao ni kazi, na kazi inalipwa.

Bint_Hesabu:
Kuhusu wakala: muulize nani anamlipa. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 181 wa 1997 unasema wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Unaruhusu mambo ya kipekee, na unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini kama kipimo unatosha. Wakala anayelipwa na mwajiri mpe CV. Anayekudai hela ya "usajili" kabla ya usaili, achana naye.

Sifuri_Nukta:
Hamjataja kanuni ya 37%. Kihesabu, katika ofa zote utakazopata unazikataa 37% za mwanzo, kisha unachukua ya kwanza inayozishinda zote zilizotangulia.

Kifimbo:
Hiyo inataka ujue mapema utapata ofa ngapi, na ofa uliyoikataa isirudi. Tena inahesabu ushindi ukiipata iliyo bora kuliko zote tu, ya pili ni sawa na kukosa. Mwenye mkataba unaoisha akatae ofa kwa ajili ya hesabu?

Sifuri_Nukta:
Nimesema kihesabu.

Mtu_wa_Stoo:
Asanteni. Naona naenda na ya pili, huku natuma maombi kidogokidogo. Swali: kwenye CV niweke picha?

Ngumu_Kumeza:
Weka. Mwajiri anataka kumjua mtu.

Bint_Hesabu:
Usiweke. Nafasi hiyo andika ulipunguza upotevu wa mali stoo kwa kiasi gani.

Mama_Mipango:
Picha inategemea tangazo. Mimi nataka kujua bosi wako wa sasa anajua unatafuta? Maana kwenye orodha ya wadhamini utamweka nani?

Mtu_wa_Stoo:
Hajui. Hapo ndipo sijafika.

Ngumu_Kumeza:
Mwambie.

Kifimbo:
Asimwambie! Ngumu, wewe unataka jamaa atolewe kabla mkataba haujaisha?