Dunia ina umri gani, na nani amwambie mtoto?

Mama wa Kongowea

Assalam aleikum, na wakubwa shikamooni. Nimelianzisha hili kwa sababu limenikaa rohoni tangu Jumapili. Binti yangu yuko sekondari. Alikuwa akidurusu jiografia mezani, nami nakuna nazi. Akanisomea daftari lake: nadharia ya kwanza, nyota ilipita karibu na jua ikavuta gesi, gesi ikapoa ikawa sayari. Nadharia ya pili, wingu la vumbi na gesi lilijikunja, katikati likawa jua, mabaki yakawa dunia na wenzake. Umri, miaka bilioni 4.5.

Kisha akaniuliza: "Mama, madrasa tumeambiwa siku sita. Rafiki yangu, kanisani kwao ni miaka elfu sita. Mimi niandike ipi?" Nikamwambia muulize mwalimu. Kumbe alishamuuliza. Jibu alilopewa: andika kilicho daftarini upate maksi, hayo mengine yaache nyumbani.

Nyumbani ndiyo kwangu, na jibu sina. Nawauliza: somo hili libaki darasani lilivyo, au chanzo cha dunia waachiwe wazazi, maustadhi na mapadri, shule ishughulike na mito na mvua?

Kijana wa Nyali

Hata mimi niliikariri nyota hiyo. Nikapata A, nikaisahau kabla ya likizo ya Agosti.

Baba wa Mikindani

Dada, mimi ni Mkristo na ndiye huyo wa elfu sita, kwa hiyo acha niseme mwenyewe kabla sijasemewa. Sina ugomvi na hesabu. Naendesha kreni, na hesabu ikikosea huku kwetu mtu hufa. Ninachokataa ni kuambiwa jambo lina hakika wakati wenyewe hawajatulia. Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, mwaka 1897 alisema dunia ina kati ya miaka milioni 20 na 40. Alipiga hesabu, hakubahatisha. Leo wanasema milioni 4,500. Mtu akudai shilingi elfu ishirini leo, kesho arudi na deni la milioni nne na nusu, utamlipa?

Na hiyo nyota iliyopita, nimesoma kwamba wanasayansi wenyewe waliitupa zamani. Mtoto anakaririshwa kitu kilichokufa, halafu mimi ndiye ninayeitwa mtu wa nyuma.

Ustadh wa Majengo

Wa aleikum salaam. Kwanza mtoto atulizwe moyo. Siku sita za Qur'ani si lazima ziwe siku za kalenda ya ukutani. Suratul Hajj, aya ya 47, yatwambia siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu katika hesabu yetu. Al-Maarij, aya ya 4, yataja siku ya miaka elfu hamsini. Wako wafasiri wanaozichukua siku hizo kuwa ni vipindi virefu. Tena Suratul Anbiyaa, aya ya 30, yasema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana, zikatenganishwa. Si ndio huo Mlipuko Mkuu, Big Bang, wanaosema ndio ulioanzisha ulimwengu? Wao wameujua karne ya 20. Mwalimu aisome aya hiyo darasani, mambo yamekwisha.

Mwana wa Kibokoni

Yamekwisha kwa nani, ustadh? Darasa moja Mombasa lina Waislamu, Wakristo, Wahindu, na wajukuu wa wazee wa kaya za Mijikenda walio na yao kumhusu Mulungu. Ukisoma aya moja, na wengine wataka yao isomwe. Kengele italia hatujafika kwenye jua.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Nyota hiyo inayopita niliifundisha mimi, miaka na miaka, kwa hiyo sehemu ya lawama naichukua. Baba wa Mikindani hapo ana haki. Wamarekani wawili, Chamberlin na Moulton, waliitoa mwaka 1905, na Mwingereza Jeans akaiendeleza. Mwaka 1939 mtaalamu wa nyota Lyman Spitzer akaonyesha kwamba gesi ya moto ikivutwa kutoka juani hutawanyika; haigandi ikawa sayari. Wingu ndilo lililosimama. Mwaka 2014 darubini ya ALMA kule Chile ilipiga picha ya nyota changa, HL Tauri, ikiwa katikati ya sahani ya vumbi yenye mifereji ya duara. Yaani twaweza kuitazama kazi hiyo ikifanyika kwingine. Kuziandika nadharia hizi mbili ubavu kwa ubavu, kana kwamba zina uzito mmoja, ni uvivu wetu.

Lakini Kelvin, baba, umemtumia nusu. Yeye aliihesabu dunia kama chungu kilichoepuliwa mekoni: kilianza na joto hili, sasa kina joto lile, basi kimekaa muda gani? Hesabu safi. Kosa lilikuwa kwenye chungu. Msaidizi wake wa zamani, John Perry, alimwambia mwaka 1895 kwamba kama ndani ya dunia kuna kitu kinachojisogeza kama uji, joto la chini hupanda juu na hesabu yote hubadilika. Umri waweza kufika mabilioni. Kelvin hakukubali. Kwenye jua alikwama vilevile. Alidhani lawaka kwa kujikunja tu, na kwa njia hiyo lingeisha mapema mno. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba hidrojeni ndani ya jua huungana ikawa heliamu. Kila sekunde jua hupoteza kama tani milioni 4 za uzito wake zikawa mwanga, na bado lina akiba ya miaka bilioni 5 hivi.

Sasa deni lako la shilingi. Mwaka 1956 mwanakemia Mmarekani Clair Patterson alitangaza miaka bilioni 4.55. Leo twasema 4.54. Karibu miaka 70 imepita, vyombo vimebadilika vyote, na tarakimu imesogea kiasi hicho tu. Huyo mdai unaweza kuketi naye.

Baba wa Mikindani

Mwalimu, nashukuru kwa kukiri la nyota. Watu wa taaluma yenu hawakiri. Lakini huyo Patterson alipima risasi, ile metali nzito, sivyo? Uraniamu iliyo ndani ya mawe yaoza polepole yawa risasi, wao wapima risasi ni kiasi gani, wasema miaka ni mingapi. Swali langu ni la mtoto mdogo. Ukiingia chumbani ukakuta ndoo ina maji nusu na bomba linatona, utajuaje ndoo ilianza ikiwa tupu?

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Swali la mtoto mdogo! Hilo ndilo swali lenyewe, na Patterson alilijibu kabla ya kuhesabu chochote. Alichukua kimondo kilichoanguka Arizona, cha Canyon Diablo. Ndani yake mna madini ya chuma na salfa ambayo karibu hayana uraniamu kabisa. Hakuna uraniamu, hakuna bomba. Risasi iliyomo humo ni ile ya siku ya kwanza, haijaongezewa tone. Hiyo ndiyo iliyomwonyesha ndoo ilianza na maji kiasi gani. Kisha akapima vimondo vingine vyenye uraniamu zaidi. Kama vyote vilizaliwa pamoja, vipimo vyake sharti vikae kwenye mstari mmoja mnyoofu, na mwinamo wa mstari ndio umri. Vilikaa. Akapima na matope ya sakafu ya bahari kuu ili kuijaribu dunia yenyewe. Nayo yakaangukia mstari uleule.

Kilichomtesa zaidi ni uchafu. Risasi ilikuwa kila mahali: hewani, kwenye nguo, kwenye petroli ya magari. Ilibidi asafishe maabara kuliko chumba cha upasuaji ndipo vipimo vitulie, na baadaye maisha yake yalikwenda kwenye vita dhidi ya risasi katika petroli. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda, hawahitaji kuelezwa risasi hufanya nini mwilini.

Baba wa Mikindani

Hiyo ya madini yasiyo na uraniamu sikuwa nimeisikia. Nitaisoma. Sijasema nimekubali.

Kijana wa Nyali

Ila jamani, hivi vyote ni vya Arizona na Chile. Mambo ya watu wa mbali. Sisi Mombasa tuna nini?

Mwana wa Kibokoni

Wee kijana, umekaa juu yake! Ngome ya Fort Jesus, Wareno waliyoianza 1593, imejengwa kwa mawe ya tumbawe juu ya mwamba wa tumbawe. Nenda Mama Ngina, pale ufuoni, lishike genge lile la mwamba kwa mkono. Utaona matawi ya tumbawe na maganda ya chaza ndani ya jiwe. Tumbawe haliishi nchi kavu. Kilichotokea ni kwamba bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na mwamba ukakua humo. Nyumba zetu za Mji wa Kale na chokaa yake, asili yake ni hao wanyama. Na saruji ya Bamburi, wakichimba wapi? Timbo lile ndilo leo Haller Park, unakwenda kutazama viboko.

Na huo ni mwamba mchanga. Pita Changamwe uende bara, wakichimba barabara utaona udongo mgumu wa kijivu wenye matabaka. Watafiti wa karne ya 19 walikuwa wakiokota humo magamba ya amonaiti, mnyama wa baharini aliyekwisha kutoweka. Huo ni wa enzi za Jurasiki, Madagaska ilipokuwa ikibanduka kutoka pwani hii, zaidi ya miaka milioni 150. Endelea hadi Mazeras: yale mawe bapa mnayotandika uani ni ya zamani zaidi, mchanga wa mito uliogandamana, na mna magogo yaliyogeuka jiwe. Nauli ya matatu tu, unarudi nyuma miaka milioni mia mbili. Ramani ya jiolojia ya shuleni haikunionyesha hata kimoja katika hivi. Nilivijua nilipokuwa mkubwa, kwa kumfuata fundi wa mawe.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Na la mbali pia si la mbali, kijana. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama anga kwa miali ya eksirei ilirushwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970. Waliiita Uhuru kwa sababu siku hiyo ndiyo ya uhuru wa Kenya. Iliyoyaona kwenye Cygnus X-1, chanzo kikali cha eksirei angani, yalichangia watu kuanza kuamini kwamba mashimo meusi, ambamo hata mwanga hautoki, yapo kweli.

Mvuvi wa Likoni

Salamu nyote. Mimi sikusoma sana, lakini mwataja tumbawe nami nalipiga mbizi. Nauliza: kweli tumbawe lina pete kama mti? Mtu mmoja wa utafiti aliniambia, nikadhani anicheza shere.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Hakukuchezea, bwana mkubwa. Lina pete za mwaka, na baadhi yana mistari myembamba sana ya siku. Mwaka 1963 John Wells aliihesabu mistari hiyo kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, ya zaidi ya miaka milioni 380, si haya yetu ya Mama Ngina ambayo ni machanga mno. Mwaka mmoja ulikuwa na mistari kama 400. Siku 400 ndani ya mwaka, yaani siku moja ilikuwa na saa 22 hivi. Wenye kuijua sababu ni nyinyi wavuvi: ni kujaa na kupwa. Maji yakivutwa na mwezi husuguana na dunia, dunia huzunguka taratibu zaidi, na mwezi husogea mbali. Leo wanaupima kwa leza kwenye vioo vilivyoachwa mwezini tangu 1969: sentimita 3.8 kwa mwaka. Watu wa nyota walikwisha kukadiria dunia hupunguza mzunguko kwa kiasi gani, watu wa mawe wakaja na pete zao, hesabu zikakaribiana. Wala hakuna risasi humo, wala uraniamu.

Mvuvi wa Likoni

Basi bamvua za zamani zilikuwa kubwa, mwezi ukiwa karibu. Ngalawa zingelipata taabu.

Ustadh wa Majengo

Nimefurahi na haya. Na kwa anayesema ni mambo ya Wazungu: Ibn Sina, karne ya 11, aliandika kwamba milima huchongwa na maji kwa muda mrefu mno, na kwamba huenda nchi kavu ilikuwa chini ya bahari. Ila mwalimu, hukunijibu la Suratul Anbiyaa.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Nilikuwa nakwepa, ustadh, kwa heshima. Nikujibu kwa kisa. Aliyetangulia kusema ulimwengu ulianza kwenye kitu kidogo kisha ukatanuka ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Kutanuka alikuandika 1927, mwanzo wenyewe 1931. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 akahutubia, akaichukua sayansi hiyo kama ushahidi wa uumbaji. Ungedhani padri atashangilia. Alifadhaika. Alitaka nadharia yake isimame au ianguke kwa vipimo, isibebe imani ya mtu. Vipimo vilikuja baadaye: mwaka 1965 Penzias na Wilson walitangaza mnong'ono wa redio unaotoka pande zote za anga, mabaki ya joto la mwanzo, na leo umri wa ulimwengu wahesabiwa bilioni 13.8. Sasa tuseme kesho tarakimu hiyo irekebishwe. Je, na aya tuirekebishe? Mimi ningeogopa kuifunga aya kwenye kigingi kinachoweza kung'olewa.

Ustadh wa Majengo

Hapo umenigusa pabaya. Aya haihitaji kigingi, ni kweli. Bado naona mwalimu aliyemwambia mtoto "yaache nyumbani" alikosea, hata asiposoma aya yoyote.

Baba wa Mikindani

Hilo naliunga mkono. Mtoto wangu akiambiwa "tumepima hivi, tukakosea pale, tukapima tena", sitakwenda kumtoa darasani. Nitabishana naye mezani, na hiyo ni haki yangu. Akiambiwa andika tu upate maksi, basi mnamfundisha dini nyingine, isiyo na hata sala.

Mama wa Kongowea

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mwanzo nilikuwa naelekea kusema waachiwe wazazi. Sasa sitaki. Nyumbani kwangu hakuna mwenye kujua habari ya kimondo, wala kwa jirani. Libaki shuleni, lakini nyota ile iondolewe, na jiwe liletwe darasani. Binti amenisikia nikisoma kwa sauti, amekuja na daftari, ataka kuliona genge la Mama Ngina kabla ya mtihani.

Mvuvi wa Likoni

Mleteni Jumamosi. Ni bamvua, maji yatakuwa yamepwa kabisa saa nne asubuhi. Baba wa Mikindani nawe njoo na wako.

Baba wa Mikindani

Nitakuja. Na maswali yangu nakuja nayo.

Mvuvi wa Likoni

Njoo nayo, na viatu vaeni. Mwamba una miiba, na ikifika saa tano maji yameanza kurudi.