Muda wa kunuiza katika mchezo wa maandishi: usubiriwe kabla ya uchawi kutenda au baada yake?

Swali

Ndugu zangu, ninajenga mchezo wa maandishi wa wachezaji wengi kwa kutumia msimbo wa Merc, ambao ni wa ukoo wa DikuMUD, mchezo wa zamani wa aina hiyo uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Copenhagen. Seva yake hupiga mapigo 4 kila sekunde, na uchawi mwingi umewekewa mapigo 12, yaani sekunde 3. Mchezaji akinuiza, yaani akitoa amri ya kufanya uchawi, uchawi hutenda papo hapo, kisha amri zake hazisomwi mpaka mapigo hayo yaishe. Wachezaji hudhani mtandao umekatika, huandika amri ileile mara tano, na zote tano hutekelezwa baadaye wakiwa wameshajutia ya kwanza. Je, nipunguze sekunde?

Jibu la kwanza

Usizipunguze, kwa sababu kinachowaumiza ni ukimya. Hamisha kusubiri kuje kabla ya uchawi kutenda, na utangaze mwanzo wake kwa kila aliye chumbani: "Mganga anafumba macho na kuanza kunuiza." Hapo adui hupata nafasi ya kumpiga au kukimbia, na pambano linakuwa la kufikiri badala ya kushindana nani ana vidole vyepesi. Amri ziendelee kusomwa wakati wote huo, ili "acha" ifanye kazi mara moja na "kimbia" ivunje kunuiza.

Jihadhari na jambo moja lililowahi kuniangushia seva usiku kucha: anayelengwa anaweza kufa au kuondoka kabla muda haujaisha. Usihifadhi anwani yake ya kumbukumbu, yaani mahali data yake ilipo ndani ya kompyuta, kwani huenda hayupo tena hapo. Hifadhi namba yake ya utambulisho, umtafute upya muda unapotimia, na asipopatikana mweleze mnuizaji hivyo waziwazi.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila namna ya kuonyesha hali ina uzito uleule. Mimi sioni, na hucheza kwa programu inayonisomea skrini kwa sauti. Wajenzi wengine huchapisha nukta moja kila pigo ili kuonyesha kunuiza kunavyoendelea, nami husikia "nukta, nukta, nukta" huku habari kwamba ninapigwa ikingoja nyuma yake. Ujumbe mmoja wa kuanza na mmoja wa kumaliza unatosha, na ule mstari wa uhai, nguvu za uganga na mwendo urudiwe pale tu namba zinapobadilika. Tafadhali usitegemee rangi nyekundu peke yake kuonyesha hatari.

Kwa wanaotaka kuona kunuiza kama mchirizi unaojaa polepole kwenye skrini, tumia GMCP, njia ya kutuma data ya mchezo ambayo ni chaguo namba 201 la Telnet, itifaki inayounganisha mchezaji na seva: namba hupita pembeni ya maandishi, na programu ya mchezaji kama Mudlet huzichora mahali pake bila kugusa ninachosikia.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimehamisha kusubiri kuwe kabla, na malalamiko ya mtandao yamekoma. Nimebakiwa na hili: nguvu za uganga nizikate lini?

Jibu la kwanza

Merc hukata nusu pale kunuiza kunaposhindikana. Fuata kanuni hiyohiyo: kata nusu unapoanza, na nusu ya pili uchawi unapotenda. Ukikata zote mwishoni, watu wataanza na kuacha bila gharama ili kumtisha adui.