Tovuti ya mada moja kwa mwanafunzi: je, inaweza kulipia bando na nauli bila kuharibu masomo?

Mfugaji Mwanafunzi, Morogoro

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya wanyama hapa Morogoro. Naishi kwa fedha za kujikimu za mkopo, zile ambazo sote chuoni tunaziita bumu, na kila mhula hufika wiki ambayo bumu limekwisha na jingine bado halijaingia. Sitafuti utajiri. Nikipata shilingi 40,000 au 50,000 kwa mwezi, zitanitosha kwa bando, fotokopi na nauli ya kwenda Kilosa kwa shangazi yangu, mradi kazi yenyewe iwe ya kufanywa usiku baada ya vipindi.

Nimefikiria kufungua tovuti ya Kiswahili inayohusu ufugaji wa kuku, kwa kuwa ndilo jambo ninalosomea na ndilo ninaloulizwa na ndugu zangu kila ninapokwenda likizo. Nina kompyuta ya zamani na akiba ya shilingi 60,000. Naomba waliotangulia wanieleze: matangazo ya Google yanamlipa kweli mtu wa huku kwetu, au ni habari za kusikia tu? Na je, nianze kwa kutumia akiba hiyo, au niiache kwanza?

Mwalimu wa Jioni, Eldoret

Ndugu yangu, mimi nilianza nikiwa mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili kama wewe, kwa tovuti ya kemia ya vitendo kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari huku Kenya. Si kemia yote. Ni karatasi ya tatu peke yake, ile ya maabara, ambayo wanafunzi wa shule zenye vifaa haba huiogopa kuliko nyingine zote. Nilianzia Blogger, huduma ya kufungulia blogu, kwa sababu haina malipo, na sikununua jina la tovuti hadi nilipoona kwamba watu wanarudi. Kwa hiyo akiba yako iache ilipo kwa sasa.

Matangazo ya Google yanalipa, lakini polepole, na utaratibu wake ni vyema uujue mapema. Salio lako likifika dola 10, hutumiwa barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani, na usipoiingiza ndani ya miezi 4 matangazo husimamishwa. Barua yangu ya kwanza nilielekeza kwenye sanduku la posta la chuo, ikapotelea katika rundo la barua za idara. Ya pili nikaielekeza kwenye sanduku la baba mdogo, ikafika. Baada ya hapo fedha hazitumwi hadi salio lifike dola 100, na huingia benki katika wiki ya tatu au ya nne ya mwezi unaofuata, benki nayo ikachukua ada yake. Malipo yangu ya kwanza yalinichukua miezi 14. Nakueleza hivyo si kwa kukukatisha tamaa, bali usije ukapanga kodi ya chumba kwa fedha ambayo bado ni tarakimu kwenye skrini.

Jambo jingine ni kwamba kila mada ina msimu wake na umri wake. Tovuti yangu hufurika wasomaji kuanzia Agosti hadi mtihani unapokwisha Novemba, na Desemba huwa kimya kama shule iliyofungwa. Isitoshe, waliofanya KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027, hivyo kurasa ninazozitegemea leo zitakosa wenyewe, nami nimeanza kuandika upya kwa ajili ya wanafunzi wa mtaala mpya wa sekondari ya juu. Kuku hawafutiwi mtaala; hapo umechagua vizuri kuliko mimi. Ila "ufugaji wa kuku" ni mada pana mno kwa mtu mmoja mwenye usiku mfupi. Chagua kipande kimoja ambacho ukiulizwa saa sita za usiku unaweza kukieleza bila kufungua kitabu.

Fundi Sola, Mwanza

Mdogo wangu, nakubaliana na Mwalimu kuhusu upana wa mada, lakini kuhusu matangazo ya Google mimi nina mtazamo tofauti. Kwa tovuti ndogo ya Kiswahili yenye wasomaji wachache wenye shida ya kweli, fedha iliyo karibu zaidi ni ile inayotoka kwa wasomaji wenyewe na kwa wafanyabiashara wanaowahudumia, nayo huingia kwenye simu siku hiyohiyo kwa Lipa Namba.

Nilikuwa nasomea umeme nilipoanza kuandika kuhusu sola za majumbani na za maduka madogo. Kwa miezi mingi niliandika kama mtu anayejibu mtihani: sola ni nini, aina za paneli, faida za nishati ya jua. Hakuna aliyesoma. Kisha mwenye duka mmoja wa Sengerema akanitumia ujumbe akilalamika kwamba ana paneli ya wati 100, betri ya Ah (ampea-saa) 100 na friji ndogo ya soda, na friji humzimikia kila usiku ingawa kila kitu ni kipya. Nilikaa nikampigia hesabu. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 500 kabla ya upotevu wa njiani, ilhali friji yake ya wati 80, hata ikiunguruma nusu tu ya siku, inahitaji wati-saa 960. Betri haikuwa na kosa lolote. Kila siku ilikuwa inadaiwa zaidi ya ilivyopewa, na ingekufa mapema. Hesabu hiyo niliiweka kwenye tovuti kama nilivyomwandikia yeye, nikibakiza maneno yake mwenyewe kwenye kichwa cha ukurasa: "Kwa nini friji ya sola inazima usiku?" Ukurasa huo mmoja ulisomwa kuliko kurasa zangu nyingine zote kwa pamoja, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyoandika wanapotafuta kwenye simu. Hawatafuti "mifumo ya nishati jadidifu".

Kutokana na hesabu za namna hiyo nikatengeneza kijitabu cha kurasa 18 chenye majedwali ya vifaa vya kawaida vya dukani na nyumbani, nikakiuza shilingi 3,000. Katika mwezi wa kawaida nauza vijitabu 12 hadi 15, na muuza vifaa mmoja hunilipa shilingi 30,000 kwa tangazo lililoandikwa wazi kuwa ni tangazo. Kwa kiwango ulichotaja, mimi nimekipita bila kusubiri dola 100.

Hata hivyo, kuna jaribu ambalo lazima ulijue. Duka moja liliwahi kunipa fedha ili nisifu betri ambazo nilizipima mwenyewe nikaziona hazifiki hata nusu ya kilichoandikwa ubavuni. Nilikataa, na nilikataa wiki ambayo sikuwa na nauli. Anayesoma ukurasa wako ni mtu mwenye laki mbili tatu alizozikusanya mwaka mzima. Ukimpoteza, umempoteza yeye na kila jirani aliyekuwa akimtazama anavyofanya.

Mama Hesabu, Dodoma

Mwanangu, nimesoma majibu ya waliotangulia na nayaheshimu. Naongeza mambo ambayo vijana huyaacha mwisho, nami niliwahi kuyaacha mwisho nikaumia.

La kwanza ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018 zilitaka watoa maudhui, wenye blogu wakiwamo, wawe na leseni, na ada ya leseni peke yake ilikuwa shilingi milioni moja, fedha ambayo mwanafunzi hana. Kanuni hizo zilibadilishwa na nyingine mwaka 2020, nazo zikarekebishwa tena baadaye. Usitegemee maneno ya mtaani wala maneno yangu. Andika barua pepe TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, eleza kwamba tovuti yako ni ya elimu ya ufugaji na si ya habari, uliza iko kundi gani, na jibu lao ulihifadhi.

La pili ni umiliki. Siku ya kununua jina la tovuti, likiwa la .co.tz au lolote, lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Mimi nilimwachia kijana aliyenitengenezea tovuti ya mapishi asajili kwa jina lake kwa sababu nilikuwa na haraka. Tulipokosana, alibaki na jina na miaka mitatu ya kazi yangu. Kurasa zenyewe nilizipata kwa kuwa nilikuwa naziandika kwanza kwenye daftari. Nawe fanya hivyo, au weka nakala kwenye flashi kila mwisho wa mwezi.

La tatu: usishawishike kujaza tovuti kwa mamia ya kurasa zinazotungwa na mashine kwa siku moja. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kuhadaa utafutaji, na zipo tovuti nyingi zilizofutwa kabisa kwenye matokeo. Kurasa 20 ulizozitolea jasho zinakutosha mwaka mzima.

Na wewe unaandika kuhusu viumbe hai. Fundi akikosea hesabu, friji inazima. Wewe ukikosea kipimo cha dawa, banda zima linalala. Jitengee siku mbili za kuandika kwa wiki, usizidishe, na wiki za mitihani uifunge kompyuta hiyo. Shahada yako ndiyo inayofanya watu wakuamini, na tovuti hiyo haitakuwa na thamani ukiipoteza.

Mfugaji Mwanafunzi, Morogoro

Nawashukuru sana, Mwalimu, kaka Fundi na Mama. Nimesoma majibu yote mara mbili, na leo mchana nilikaa maktaba nikapunguza mada hadi ikawa hii: vifaranga wa kienyeji tangu siku ya kwanza hadi wiki ya 8, yaani joto, chakula na chanjo, basi. Nitaanza bure kama Mwalimu alivyoanza, na barua pepe ya TCRA nimekwisha kuituma. Shilingi 60,000 nitaziacha hadi nione watu wanarudi. Jumatano na Jumamosi usiku ndizo siku zangu.

Nimepekua pia ujumbe wa ndugu na majirani kwenye simu yangu kama kaka Fundi alivyoonyesha, nikakuta maswali 11 ambayo sikuwahi kuyaona kuwa ni mali. Mengi yanahusu ugonjwa wa mdondo, kwa kuwa wafugaji wetu huchanja mara moja wakadhani wamemaliza, ilhali chanjo ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi 3. La kwanza kwenye orodha ni la shangazi yangu wa Kilosa. Alichanja kuku wa kwake Ijumaa, chupa ikabaki na matone, na jirani yake akayataka Jumapili. Aliniuliza kama bado yanafaa, nami nilimjibu kwa kukisia. Ukurasa wa kwanza utakuwa huo, kwa maneno yake. Nimemwomba mhadhiri wetu wa magonjwa ya kuku aupitie Alhamisi kabla sijauweka hewani, naye amekubali kwa sharti kwamba niende na chupa yenyewe tusome pamoja maelezo ya kiwandani.