Sabuni ipi ya kuogea inifae, ikiwa miguu imekauka na mgongo una mafuta?

Mkaazi wa Kisauni

Assalam aleikum, wenzangu. Nyumba tuliyohamia ina maji ya kisima yenye chumvi, na ya mferejini huja kwa zamu. Miguu yangu, hasa kwenye miundi, hupauka na kuniwasha mara tu ninapomaliza kujifuta, ilhali mgongoni nina mafuta na chunusi ambazo huzidi wakati wa kaskazi. Mume wangu hapendi ila sabuni ya dawa yenye harufu kali, na mtoto wetu mdogo ana ukurutu kwenye vikunjo vya viwiko. Sote tunatumia kipande kimoja. Naomba mnieleze niangalie nini ninapochagua, kwa sababu dukani karibu kila pakiti imeandikwa kwamba inafaa ngozi zote.

Mfamasia wa Majengo

Waaleikum salaam, dada. Hali yako ni ya kawaida, kwa kuwa tezi za mafuta ni nyingi mgongoni na kifuani lakini ni chache miundini, kwa hiyo mtu mmoja huweza kuwa na ngozi za aina mbili. Ukitaka kuhakikisha, oga kwa sabuni isiyo kali, usijipake chochote, kisha ngoja kama saa moja: ngozi inayobana na kuacha mstari mweupe ukiikuna kwa ukucha ni kavu, inayong'aa ni ya mafuta, na ile inayochonyota hata kwa sabuni ya kawaida ni nyeti.

Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, huwa karibu na 5. Sabuni ya kawaida ya kipande hutokana na mafuta yaliyochanganywa na kostiki soda, na pH yake huwa kati ya 9 na 10. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, ndiyo maana ngozi kavu huumia upesi. Kwa miguu yako na kwa mtoto, tafuta kisafishaji kisichotengenezwa kwa kostiki, chenye pH karibu na 5.5, chenye gliserini na kisicho na manukato. Mgongoni tumia chenye asidi ya salisili, ambayo ni dawa ya chunusi, ukiache dakika mbili tatu kabla ya kusuuza, na usikipeleke miguuni.

Kuhusu sabuni ya dawa, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku triklosani, kemikali ya kuua vijidudu, na viambato vingine 18 katika sabuni za kunawia na kuogea, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku wala kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Harufu kali si ushahidi wa usafi.

Mtengeneza Sabuni, Likoni

Nakubaliana na mfamasia, ila maji yasisahauliwe, kwa sababu naona ndiyo nusu ya tatizo lako. Maji mengi ya visima vya huku pwani yana kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo hufanya utando mweupe usioyeyuka. Utazame ukingoni mwa ndoo baada ya kuoga. Utando huo huo ndio unaobaki miguuni na kuwasha. Visafishaji visivyo vya kostiki havifanyi utando huo. Ukikosa, weka akiba ya maji ya mferejini, hata makopo mawili tu, ya kujisuuzia mwisho.

Jambo la pili linawachanganya wateja wangu wengi. Mafuta ya nazi ukijipaka yanalainisha ngozi, lakini yakishapikwa kuwa sabuni hubadilika kabisa: sabuni ya nazi tupu hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na nguvu hiyo hiyo huondoa mafuta ya ngozi. Kwa hiyo usinunue sabuni kwa sababu pakiti ina picha ya nazi, kisha ukadhani umepata dawa ya ukavu. Mimi huichanganya na mafuta mengine, tena huacha sehemu ya mafuta bila kugeuka sabuni, na hata hivyo siwezi kudai kwamba inamfaa mtoto mwenye ukurutu.

Mama wa Kibokoni

Mwanangu, mtoto asikae majini muda mrefu. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisafishaji kipite mwishoni na mahali penye uchafu tu, umpanguse kwa kumgusagusa na taulo, kisha umpake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Pakitoa majimaji au usaha, mpeleke kliniki. Nawe dodoki liache, kwa sababu kusugua chunusi huziongeza na huacha madoa meusi ambayo kwa ngozi zetu hukawia kuondoka.

Nakusihi pia usidanganyike na sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki, ambayo hudhuru figo, na ukisoma merkuri au kalomeli, majina ya zebaki na mchanganyiko wake, kwenye pakiti, au onyo kwamba sabuni isigusane na dhahabu wala fedha, irudishe.

Mkaazi wa Kisauni

Ahsanteni sana. Basi mume wangu aendelee na sabuni yake? Kifuani ana mabaka meupe yenye magamba madogo madogo.

Mfamasia wa Majengo

Kwa makwapa, kinena na nyayo, sabuni yoyote ya kawaida inamtosha. Mabaka hayo yanafanana na fangasi, na sabuni ya dawa anayoitumia huenda isiyafikie. Aje duka la dawa yaangaliwe. Kama ni fangasi kweli, hutibiwa kwa shampuu ya ketokonazoli inayopakwa kifuani na kuachwa dakika chache kabla ya kusuuzwa, na weupe hukawia wiki kadhaa au zaidi kurudi rangi yake hata baada ya fangasi kufa.