Utando bandia wa buibui wa Halloween: unautoaje, na unauwekaje usije ukakusumbua?

mama_pili_dallas
Habari za wikendi wadau. Tumehamia nyumba ya kupanga hapa Dallas mwezi wa nane, sasa mpangaji aliyetoka kaacha ule utando bandia wa buibui kwenye vichaka vya holly hapo mlangoni, ule mweupe unaouzwa kwenye mfuko. Naona umekaa tangu Halloween ya mwaka jana maana umeshageuka kijivu na umenasa majani makavu kibao, nikivuta unakatika vipande vipande na miiba ya majani inanitoboa vidole. Nautoaje? La pili, watoto nao wanataka nyumba yetu ipambwe, si mnajua Halloween ni tarehe 31 Oktoba, siku ya mapambo ya kutisha, wenzao watapita kuomba pipi. Sasa sitaki nihangaike wiki nzima kuuondoa ule wa mwenzangu halafu Novemba nianze upya na wangu. Mnafanyaje?

kijana_wa_mbagala
Yaani huku kwetu utando darini ni aibu, mgeni akija tunakimbilia fagio, nyie mnatoa dola mkautundike mlangoni 😂😂 haya bana

fundi_gizani
Mpuuze huyo, dada. Mimi kila msimu huu napata kibarua cha kupamba nyumba za kutisha hapa Houston, ntakwambia ninachokijua. Hiyo kitu ni poliesta, plastiki hiyo, ukisubiri ioze utasubiri sana. Na usiivute. Vaa glavu za bustani, chukua mkasi kwanza ukate zile nyuzi nene zilizokaza kutoka kichaka kimoja hadi kingine, ukishakata unaona utando wote umelegea. Halafu tafuta tawi kavu lenye magamba, liwe la kukwaruza kidogo sio laini, chomeka kwenye utando na uzungushe taratibu huku unalisogeza, nyuzi zitajisokota kwenye tawi zenyewe kwa sababu poliesta inapenda kushikana na poliesta kuliko jani. Fanya siku ambayo kichaka ni kikavu. Vile vitakavyobaki ndani ndani usipoteze muda navyo, kata ncha za matawi tu, holly inavumilia kupogolewa. Na asije mtu akakushauri uchome na kiberiti eti nyuzi zitapotea, zinayeyuka zikiwa zinawaka na kichaka kiko mlangoni kwako.

Kuhusu kuweka, watu wengi wanabandika bonge lote linabaki linaonekana pamba ya godoro. Chukua donge dogo kama yai, ng'ang'ania kulivuta kila upande mpaka uweze kusoma gazeti kupitia humo, hapo ndo inaanza kuonekana buibui kapita. Uning'inize kwenye misumari au vile vikulabu vya kubandika, sehemu ambazo mkono unafika. Ukutani kwa matofali usiguse, vile vinundu vinashika kila uzi. Na weka mbali na mishumaa, ndani ya lile boga la kuchonga tia taa ya betri.

dada_wa_austin
Fundi umesema vizuri ila mimi hiyo poliesta nje siiweki kabisa, iwe kichakani iwe wapi. Watu wanaookoa wanyamapori huku kila Oktoba wanapokea ndege wadogo, popo, hata bundi walionasa humo, wakihangaika kujitoa ndo wanajifunga zaidi. Na kwetu Texas Oktoba ndo vipepeo vya monaki vinapita kwenda Meksiko, kwa hiyo tunatega nyavu katikati ya barabara yao.

Mama Pili nunua kamba nyeupe ya pamba, unene wa ile ya kuanikia nguo. Funga kwanza kamba za mhimili, tano au sita, zote zipitie katikati, ncha zikaze kwenye nguzo za kibaraza na mabano ya taa. Kisha anza katikati ukizunguka kwenda nje, kila ukikuta mhimili piga fundo moja. Buibui mwenyewe anaanza na mihimili hivyo hivyo. Matundu yaache makubwa, ngumi ipite. Watoto wafunge mafundo ya chini we funga ya juu, halafu Novemba unafungua ncha, unaukunja, unaweka gereji mpaka mwakani.

fundi_gizani
Hapo sikupingi, mimi zangu nyingi ni za ndani. Ndani pia kuna zile nyavu za pamba za kufungia nyama buchani, unazitoboa ovyo ovyo kwa mkasi halafu unavuta, zinatoka chakavu kwelikweli, ukitaka rangi ya vumbi unaloweka kwenye chai ya rangi unaanika.

mama_pili_dallas
Asanteni sana, kamba nimeshaagiza na tawi nimelipata kwa jirani. Ila huyo jirani ana ile bunduki ya gundi ya moto inayounganishwa na kompresa, inatema nyuzi nyembamba, anataka kunipigia mlango wote bure. Niogope?

fundi_gizani
Nzuri sana hiyo kwa macho, lakini kwa nyumba ya kupanga kataa kistaarabu. Kwenye kioo inabanduka, kwenye mbao zilizopakwa rangi inaweza kuondoka na rangi, na mwenye nyumba atakata kwenye dipoziti yako. Akishapiga kabla hujamzuia, paka spiriti ile ya dukani ya kusafishia vidonda pembeni mwa gundi, subiri kidogo iingie chini, inaachia yenyewe, usikwangue na kisu. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

kijana_wa_mbagala
Mwambie apige kwenye mlango wake 😂