Likizo ya familia nzima milimani, kuanzia babu hadi mtoto wa kunyonya: tupeane uzoefu

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Kwetu tumezaliwa wengi, kila mmoja ana familia yake sasa, na tunamshukuru Mungu wazazi wote wawili wapo. Tumekubaliana likizo ijayo twende pamoja milimani, zile sehemu za watalii zenye maporomoko ya maji, njia za kutembea msituni na nyumba za kupangisha wageni. Baba ana presha, mama magoti yanamsumbua. Wapo wajukuu wa kunyonya, wapo wa shule ya msingi, na yupo kijana wa sekondari ambaye siku hizi hasemi zaidi ya neno moja.

Waliowahi kusafiri vizazi vitatu mtueleze yaliyowakuta: malazi, hela, afya, ratiba. Majina ya vivutio tunayo tayari. Nataka yale ambayo mtu huyajua akishafika.

Mkwe wa tatu

Mkuu, anza na ngazi. Nyumba za mlimani hujengwa kwenye mteremko, kwa hiyo hata tangazo likisema haina ghorofa, uliza kutoka maegesho hadi mlangoni kukoje. Ile tuliyopanga ilikuwa na picha nzuri za sebule, za meko, za baraza linalotazama bonde. Picha ya njia ya kuingilia haikuwepo hata moja. Tukafika jioni, tukakuta ngazi za mbao zilizolowa umande, nyembamba, na mhimili wa kushikilia uko upande mmoja tu. Mama mkwe alipanda kiubavu, mikono yote miwili kwenye mhimili, mguu mmoja ukimsubiri mwenzake kila ngazi. Alipofika juu akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, na siku ile hakushuka tena.

Tangu hapo mimi ndiye napiga simu kwa mwenye nyumba kabla hatujalipa chochote. Namuuliza kama kuna chumba cha kulala na choo kwenye ghorofa ile ile unayoingilia, kama bafu lina kizingiti cha kuruka, kama barabara ya mwisho inapitika na gari la kawaida mvua ikinyesha, na nyumba inapashwa joto kwa njia gani usiku. Halafu naomba atembee na simu yake kutoka gari linapoegeshwa mpaka kitandani, anirekodie video. Mwenye nyumba nzuri hukubali mara moja.

Na tazameni vitanda. "Inalala watu kumi na wawili" mara nyingi maana yake wanne kati yao wako kwenye vitanda vya deka na wawili kwenye kochi la sebuleni. Mzee hawezi kulala kwenye kochi ambalo asubuhi watoto wanalitaka kwa katuni.

Muuguzi mstaafu

Mleta mada, umesema baba ana presha. Jambo la kwanza ni kujua hapo mnapokwenda kulala pana mwinuko wa mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Chini ya mita 2500 watu wengi hawapati shida ya kuugua kwa sababu ya mwinuko. Kuanzia hapo kwenda juu ndipo maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi huanza, mara nyingi saa chache baada ya kufika au usiku wa kwanza. Kwenye mita 3000 mwili unapata kama asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata pwani. Kijana mwenye nguvu anaweza kuugua na babu yake akabaki mzima. Mazoezi hayamkingi mtu.

Hatari ya sehemu za watalii ni kwamba vyombo vya usafiri vinampandisha mtu haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Kule Uswisi kuna treni ya Jungfraujoch, ipo tangu 1912, inakufikisha mita 3454 ukiwa umekaa kitini. Mzee anafurahi kwamba hakutembea, kumbe mwili haujapata hata usiku mmoja katikati. Ziara ya namna hiyo ifanyeni fupi, mtembee taratibu mkifika, na mtu akilalamika kichwa mteremke naye bila kubishana. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka.

Kama mtalala juu zaidi ya mita 3000, msiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kila siku. Upangaji wa njia wenyewe unasaidia sana. Wanaokwenda kwenye magofu ya kale ya Machu Picchu, Peru, hutua mji wa Cusco kwenye mita 3400 hivi, wakati Machu Picchu yenyewe ipo mita 2430. Kwa hiyo ni busara kushuka kwanza kulala bondeni na kuuacha mji wa Cusco uwe wa mwisho. Angalieni kama na nyie mnaweza kupanga hivyo, mahali pa juu pawe mwishoni.

Baba aonane na daktari wake mapema, si siku mbili kabla ya safari. Zipo dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko kama asetazolamidi, lakini zinaweza kugongana na anazotumia, kwa hiyo daktari ndiye aamue. Mwenye sikoseli kwenye familia asipande sehemu za juu kabla ya kuzungumza na daktari, hili nalisisitiza. Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi yenye majina na vipimo vyake. Insulini isilale kwenye gari usiku wa baridi, ikiganda imeharibika.

Mleta mada

Asante sana mkuu, hili la dawa za presha tusingelifikiria kabisa. Nimekwisha tuma kwenye kundi la familia.

Mama Pacha

Nijibu upande wa watoto.

Baridi: joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000 mnazopanda. Chini mkiondoka nyuzi 28, mita 2000 juu zaidi mtakuta kama nyuzi 15, na hapo jua halijazama. Msibebe koti moja zito. Nguo nyepesi nyingi za kuvaa moja juu ya nyingine ndizo zinazosaidia, maana mtoto anayepanda mlima atatoka jasho, kisha atakaa chini na jasho lile lile litamgandisha.

Jua nalo ni kali hata kukiwa na baridi. Miale inayounguza ngozi huongezeka kama asilimia 10 kila mita 1000, na theluji inairudisha usoni kutoka chini. Wangu waliungua chini ya kidevu, mahali ambapo kofia haifiki.

Masikio ya wachanga: gari likishuka haraka mtoto huanza kulia ghafla. Kumeza ndiko kunakozibua masikio, kwa hiyo mpeni chupa au chuchu ya bandia akiwa amefungwa kwenye kiti chake. Anayetaka kunyonya, simamisheni gari pembeni anyonye.

Kigari cha kusukuma cha mtoto hakitawasaidia kwenye njia zenye mizizi na mawe. Mbeleko, basi.

Kutapika kwenye kona ni kwa watoto wa kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili hasa, wadogo zaidi ya hapo ni nadra. Wanyang'anyeni simu na vitabu njiani, wakae mahali wanapoona barabara mbele, dirisha liwe wazi kidogo.

Bibi wa wajukuu wengi

Wanangu, nimesoma yote. Mnaongea vizuri juu yetu, sasa niseme na mimi.

Safari yetu ya kwanza watoto walinitendea kwa upendo. Walinipa chumba kikubwa chenye dirisha la kutazama mlima, wakanitandikia blanketi barazani, wakaniambia mama pumzika. Kisha wakaondoka asubuhi na kurudi jioni, na mimi nikabaki na mchanga aliyekuwa analala. Walirudi na picha za maporomoko. Nikazitazama zote.

Hakuna aliyeniuliza nataka nini. Wote walijua magoti yangu, wakajijibu wenyewe. Nami nilikuwa nataka kuyaona yale maji.

Safari iliyofuata nilisema kabla hawajapanga. Mjukuu wangu mkubwa akatafuta njia yenye mabenchi, akanipatia fimbo mbili, moja kila mkono, maana kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda. Tulitoka alfajiri njia ikiwa tupu. Tulitembea mpaka benchi, tukakaa, tukatembea mpaka benchi jingine. Watu wenye haraka walitupita na kutusalimia. Asubuhi nzima iliishia pale, lakini nilifika, nikainama nikanawa uso kwa maji yale, baridi yake ikaniuma meno.

Kwa hiyo mama yako muulize, mwanangu. Umuulize akiwa peke yake, si mbele ya kundi zima, maana mbele ya watu atasema "popote mtakapokwenda nyie sawa". Na suala la kukaa na watoto liwe la kuombwa. Kulea wajukuu ni furaha yangu, ila likizo nami ni yangu.

Mkwe wa tatu

Shikamoo bibi. Hili nalipeleka nyumbani kama lilivyo.

Bibi wa wajukuu wengi

Marahaba baba.

Kaka mkubwa

Mimi niseme la hela kwa ufupi, ndilo linalovunja safari kabla ya ngazi na magoti. Mwenye kipato kikubwa asitangaze nyumba aliyoipenda kwenye kundi la familia kisha akauliza "mnaonaje". Wenye kidogo watasema sawa, halafu wataanza kujitoa mmoja mmoja kwa visingizio. Awepo mtu mmoja anayeaminika, aulize kila familia pembeni inaweza kutoa kiasi gani bila kukopa, na nyumba itafutwe ndani ya jumla hiyo. Anayetaka kuongeza aongeze kimya kimya kwa mweka hazina. Wazazi wasichangie malazi, ila wakisisitiza waachieni kitu cha kulipia, msiwanyime.

Someni masharti ya kughairi kabla ya malipo ya awali. Mkiwa na wazee na wachanga kwenye safari moja, uwezekano wa mtu kuugua wiki ile ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Sisi tulilipa zaidi kidogo kwa nyumba inayorudisha hela, na baba alipolazwa tulisogeza tarehe bila kupoteza kitu.

Shangazi

Kuhusu huyo kijana wa neno moja. Mpe kazi ya kweli. Wetu tulimpa ramani: azipakue kwenye simu kabla ya safari, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea, na awe ndiye anayejua zamu ya kila kundi na saa ya kukutana. Siku ya pili alikuwa anawauliza baba zake wadogo kama wamebeba maji.

Makundi ndiyo siri yenyewe. Watu wa umri huo wote hawawezi kutembea pamoja kutwa nzima bila mmoja kuburuzwa na mwingine kuchoshwa. Asubuhi gawaneni: wa kilele, wa njia fupi, wa kubaki. Zamu zibadilike, asiwe mama yule yule anayebaki na wachanga kila siku. Mlo mmoja wa siku uwe wa wote, sisi tulichagua wa jioni, na huo hakuna kuukosa. Mengine yote ni ridhaa ya mtu.

Kwa anayepika: maji ya mlimani yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwenye mita 3000 huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage makavu yatakaa jikoni mpaka watoto walale. Bebeni sufuria ya presha au pikeni vinavyoiva haraka.

Mpita njia

Kivutio kikubwa msikiweke siku ya mwisho. Mlima wa Meza kule Cape Town una vigari vya kamba tangu 1929, vinakupandisha kwa dakika chache mpaka mita zaidi ya 1000, na mzee asiyeweza kutembea anafika kileleni kama kijana. Lakini upepo ukizidi vinasimamishwa. Tulikwenda siku ya kwanza tukakuta vimefungwa, tukarudi baadaye kukawa shwari. Wenzetu waliokuwa wanaondoka asubuhi ile walipiga picha kutoka chini.

Mleta mada

Nimempigia mama, peke yake kama bibi alivyoelekeza. Kumbe hataki maporomoko. Anataka kupanda mahali awe juu ya mawingu, na anataka baba awepo pembeni yake. Kwa hiyo tunatafuta sehemu yenye barabara au kigari cha kamba, isiyozidi mita 2500, na daktari wa baba tunamuona wiki ijayo.

Swali la mwisho: dereva wetu mkuu ni mdogo wangu, hajawahi kuendesha milimani. Basi la kukodi au magari yetu?

Dereva wa masafa

Mkipata basi dogo lenye dereva mwenyeji wa njia hiyo, chukueni, na mdogo wako naye apate likizo. Mkienda na magari yenu, tatizo lipo kwenye kushuka. Mtu asiyezoea hukanyaga breki mfululizo, zinapata moto, zinaanza kunuka, halafu ukikanyaga hazishiki. Ashushe gia kabla ya kuingia mteremko, injini ndiyo ishike gari, breki aguse na kuachia. Hata gari la otomatiki lina gia za chini, azijaribu nyumbani kabla ya safari. Akisikia harufu ya kuungua, atafute mahali tambarare aegeshe, asubiri zipoe zenyewe, asimwagie maji. Kwenye ukungu atumie taa za chini, kwa sababu taa kali zinamrudia machoni. Na mtoke asubuhi mapema: maegesho ya sehemu za watalii hujaa kabla ya saa nne, na mawingu mengi ya mlimani hujenga mvua mchana.

Mama akae kiti cha mbele. Magoti yanapata nafasi, kichefuchefu kinapungua, na mawingu atayaona wa kwanza.