Mshahara unakwisha kabla ya tarehe 20: niugawe vipi?

Muulizaji, Arua, Uganda: Ndugu zangu, kila mwisho wa mwezi ninapokea shilingi 700,000 mkononi, baada ya kukatwa kodi ya mapato na asilimia 5 ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Pango ni 200,000 na usafiri 70,000. Watoto wangu wawili hulipiwa karo ya 250,000 kila mmoja kwa muhula, na shule zinapofunguliwa hulazimika kukopa, kisha deni hilo hula mishahara miwili inayofuata. Naomba njia rahisi ambayo mimi na mume wangu tutaifuata bila kugombana.

Jibu, Tororo: Pole, dada. Unaichukulia karo kama dharura, ilhali mihula mitatu inajulikana tangu Januari. Kwa mwaka ni 1,500,000. Igawe kwa miezi 12, upate 125,000, nayo itengwe siku ile ile mshahara unapoingia, hata Desemba shule zikiwa zimefungwa. Ukianza Oktoba, kufikia Februari utakuwa na 500,000 kamili. Ukitoa pango na usafiri, zinabaki 305,000. Chukua 200,000 za posho (unga wa ugali), maharage, mkaa na sabuni, uzitie katika bahasha nne, moja kwa kila wiki, na ya wiki hii ikiisha msiiguse inayofuata. Zilizobaki ni za umeme, maji, matibabu na deni.

Jibu, Kampala: Kuhusu karo nakubali kabisa, ila bahasha nne zilinitesa sana, kwa sababu mwezi wa siku 31 unazidi wiki nne kwa siku tatu, na ni siku hizo tulizokuwa tukikopa dukani. Fanyeni tano za 40,000. Salio la ile ya tano liwe la dharura. Tena, kama fedha iko kwenye simu, usiitoe kidogo kidogo: kodi ya asilimia 0.5 utakatwa vyovyote vile, lakini ada ya kutolea hupangwa kwa viwango, na kutoa mara nyingi hugharimu zaidi.

Muulizaji: Asanteni sana. Je, karo niiweke katika kikundi chetu cha akiba, chenye sanduku la kufuli tatu?

Jibu, Tororo: Sehemu tu, dada. Vikundi vingi hugawana akiba mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo itakufaa kwa muhula wa kwanza. Karo ya mihula mingine iweke mahali unapoweza kuitoa wakati wowote, la sivyo utakopa fedha yako mwenyewe kwa riba.